Shajara ya mradi: visoma kadi vya kuingia na kutoka, mlango wa stoo ya dawa, Mbeya

Jumatatu: kuupima mlango

Kazi ni mlango mmoja tu, wa stoo ya dawa ya kituo cha afya hapa Mbeya mjini. Nje kuna kisoma kadi cha zamani, juu ya fremu kuna sumaku ya umeme inayoushika mlango, ndani kuna kitufe cha kutokea. Uongozi unataka kisoma kadi cha pili kifungwe ndani, rekodi ioneshe nani ameingia, saa ngapi, na ametoka saa ngapi. Wana haki ya kutaka hivyo. Humo ndani mna kabati la morfini na pethidini, mna friji ya insulini na oksitosini inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na hesabu ya mwisho wa mwezi ikipishana na leja, kila mwenye kadi anaangaliwa kwa jicho baya. Rekodi ya kuingia peke yake haimwokoi mtu mwaminifu. Aliyepita kuchukua boksi moja la panadol akatoka, na aliyejifungia humo saa nzima, wanaonekana sawasawa kwenye ripoti, kwa sababu kitufe cha kutokea hakimjui mtu.

Nimeanza na vipimo kabla ya kugusa bisibisi. Mlango ni wa mninga, mzito, umenyooka. Fremu ni ya paini, mbao za Sao Hill kama nyumba nyingi za huku kwetu. Paini huvimba mvua zikianza Novemba na kusinyaa kiangazi. Sasa tuko kwenye baridi kavu ya mwezi wa saba, na nafasi kati ya mlango na fremu upande wa kitasa ni milimita 4. Namba hiyo nimeizungushia duara, maana nitaihitaji mvua zikirudi.

Sumaku imeandikwa nguvu ya kushika kilo 280, volti 12. Umeme wake unatoka chumba cha TEHAMA, mita 40 kupitia darini, na aliyeifunga alitumia nyuzi mbili za kebo ya mtandao. Nimeweka multimita kwenye miguu ya sumaku yenyewe, ikasoma volti 9.4. Hesabu inakubaliana na kipimo. Sumaku ya aina hii huvuta nusu ampea, yaani koili yake ni omu 24. Uzi mmoja wa kebo ya mtandao una karibu omu 8.4 kila mita 100, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 80 zinatupa karibu omu 6.7. Zile volti 12 zinagawana kati ya waya na sumaku, na waya unakula zaidi ya volti 2 na nusu kabla umeme haujafika kazini. Nikauegemea mlango kwa bega, nikasukuma kwa nguvu, ukaachia.

Mlinzi aliyekuwa amesimama pale hakushtuka. Amesema TANESCO wakikata usiku yeye huvuta kiti akakaa mlangoni mpaka urudi, kwa kuwa betri ilishakufa zamani na mlango unabaki wazi. Mwezi huu wa saba, usiku wa Mbeya, mtu anakesha kwenye korido la saruji kwa sababu ya betri. Hilo limeniuma kuliko zile volti.

Jambo la mwisho la leo: nje ya mlango kuna geti la nondo, linafungwa kwa kufuli usiku. Mchana likifunguliwa linalala ukutani, juu kabisa ya kisoma kadi. Watu wanapenyeza kadi kati ya nondo. Chuma kikiwa karibu na antena ya kisoma kadi, umbali wa kusoma unapungua vibaya. Kisoma kadi kipya cha nje kitahamia upande wa pili wa fremu, mbali na geti.

Jumanne: swali la mtunza stoo

Nilikwenda kumsalimia mtunza stoo, maana mlango huu ni wake kuliko wa mtu mwingine. Nikamweleza mpango: kadi kuingia, kadi kutoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Sasa fundi, moto ukizuka humu, na kadi yangu nimeiacha kwenye koti ofisini?"

Hilo ndilo swali la mradi mzima, na mtu aliyeuliza ndiye atakayekuwa ndani. Mbeya hatuhitaji kufundishwa moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, soko la SIDO likateketea mwaka 2017, na wengi hapa tulimfahamu angalau mfanyabiashara mmoja aliyetoka na nguo alizovaa tu. Stoo ya dawa ina spiriti, ina pamba, ina maboksi mpaka darini.

Nimemjibu hivi, na ninaandika ili nisije nikashawishiwa vinginevyo: kadi ya kutoka haitakuwa ufunguo. Itakuwa sahihi ya kutoka. Kinachomtoa mtu ni mkono wa kitasa, chuma kwa chuma, bila waya, bila betri, bila ruhusa ya kompyuta. Akigusisha kadi kwanza, mfumo unaandika jina lake na kunyamaza. Akibonyeza mkono wa kitasa bila kadi, mlango unafunguka vilevile, ila king'ora kinalia na ripoti inaandika kwamba mlango umefunguliwa kwa ndani bila kadi. Mwenye sababu atajieleza. Anayekimbia moto hana wa kumwomba.

Kwa hiyo sumaku inaondoka. Sumaku haina ulimi wala mkono, inashika kwa umeme tu. Ukikata umeme inaachia, na stoo inabaki wazi. Ukitaka mtu wa ndani atoke, lazima kitu fulani cha umeme kifanye kazi sawasawa. Kwa mlango wa ofisi yenye watu wengi ningeibakiza, niongeze kile kisanduku cha kijani cha kuvunja kioo kinachokata waya wa sumaku moja kwa moja. Kwa stoo ya dawa naona kinachofaa ni kitasa cha umeme cha kwenye fremu, ile aina inayobaki imefungwa umeme ukikatika, pamoja na kitasa cha kawaida mlangoni chenye mkono wa kubonyeza kwa ndani. Nje huingii bila kadi au ufunguo wa mganga mfawidhi. Ndani unatoka wakati wowote.

Mfamasia aliuliza kama hatuwezi kuweka kitasa cha mviringo cha kuzungusha badala ya mkono, kwa kuwa kinapendeza zaidi. Nilimwambia, "Dada, beba boksi la dripu kwa mikono miwili halafu uzungushe." Amecheka, akakubali mkono.

Alhamisi: kadi na vifaa

Vifaa vimeagizwa Dar es Salaam vije na basi. Duka moja la hapa mjini lilinipa bei nzuri ya kisoma kadi chenye kila kitu ndani yake: kinasoma, kinaamua, na relei, yaani swichi ya umeme ya kufungulia mlango, iko humohumo. Kwa mlango wa ndani ya nyumba, sawa. Kwa mlango kama huu, hapana kabisa, kwa sababu kinakaa nje. Mwizi anafungua skrubu moja, anakitoa ukutani, anagusanisha nyaya mbili za kitasa, ameingia. Anayeamua anatakiwa akae upande salama. Nje pawe na jicho tu, na akili iwe chumba cha TEHAMA kwenye sanduku lililofungwa.

Kadi zilizopo ni zile nyeupe nene za kilohezi 125. Hizo zinatamka namba yake kwa kila anayeuliza. Kwa idhini ya mfamasia nilinakili kadi yake mbele yake, ofisini kwake, kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachouzwa mtandaoni bila swali. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Akaigusisha ile nakala mlangoni, taa ikawa kijani. Baada ya hapo hakuna aliyenihoji kwa nini nataka kadi mpya.

Nimechagua kadi za aina ya DESFire, megahezi 13.56, zinazotumia usimbaji wa AES. Zile MIFARE Classic ni nafuu zaidi na zimejaa madukani, lakini ulinzi wake ulivunjwa hadharani mwaka 2008, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Uholanzi, na leo ni kazi ya simu na programu. Kuna mtego mwingine ambao nimeuona sehemu nyingi: watu wananunua DESFire kwa bei yake, kisha wanakiacha kisoma kadi kisome ile namba ya kiwandani tu, ambayo kadi huitoa wazi kama zile za zamani. Hapo pesa imepotea. Ulinzi uko kwenye faili la ndani linalofunguliwa kwa funguo za siri, na funguo hizo lazima zibadilishwe kutoka zile za kiwandani. Zetu nimezitengeneza upya. Nakala imeandikwa kwenye karatasi, imefungwa kwenye bahasha, imekabidhiwa kwa mganga mfawidhi aiweke kwenye sefu. Mimi sibaki nayo.

Kuingia itakuwa kadi pamoja na namba ya siri. Kutoka ni kadi tu. Usimchoshe mtu anayetoka.

Ijumaa: mezani, kabla ya dari

Nina kijana wa mafunzo kwa vitendo, anasoma umeme VETA. Tumefunga kila kitu kwanza mezani: paneli (ile akili inayoamua kadi ipi ifungue), visoma kadi viwili, kitasa, betri. Nawashauri mafundi wenzangu wasiruke hatua hii. Tatizo likitokea mezani unaliona umekaa, likitokea darini unalitafuta kwa magoti gizani.

Kijana alitaka kujua kadi inasemaje na paneli. Paneli hii inaongea Wiegand, lugha ya zamani ya visoma kadi. Kisoma kadi kina nyaya nyekundu na nyeusi za umeme, ya kijani inaitwa D0, nyeupe inaitwa D1. Zote mbili hukaa kwenye volti 5. Kutuma sifuri, kijani inashuka kidogo na kurudi. Kutuma moja, nyeupe inashuka. Mapigo 26, basi. Kati ya hayo, 8 ni namba ya eneo, 16 ni namba ya kadi, na mawili, la kwanza na la mwisho, ni ya kukagua makosa. Namba ya eneo inafika 255 na namba ya kadi inafika 65,535.

Tulichukua kadi mojawapo ya zamani. Juu yake pamechapwa 0001234567, na pembeni 018,54919. Kijana alidhani ni namba mbili tofauti. Nikamwambia azidishe 18 kwa 65,536. Akapata 1,179,648. Aongeze 54,919. Alipoona 1,234,567 inatokea kwenye kikokotoo chake alininyooshea simu bila kusema neno. Namba ni moja, imeandikwa kwa njia mbili, na mtu anayesajili kadi kwenye mfumo asipojua hilo ataandika isiyotakiwa na kulaumu mashine.

Kisha tukabadilisha kijani na nyeupe kwa makusudi. Kisoma kadi kikalia "pi" kama kawaida, na paneli ikakaa kimya kama haijaona kitu. Kila sifuri imekuwa moja na kila moja imekuwa sifuri, na kwa mpangilio huu wa mapigo 26 ukaguzi wa pande zote mbili unashindwa, kadi yoyote ile utakayoileta. Nilitaka aione dalili hiyo kwa macho yake: mlio upo, rekodi haipo. Siku akikutana nayo kazini atakagua rangi mbili kabla ya kununua kisoma kadi kingine.

Jaribio la tatu lilikuwa daiodi, kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kitasa cha umeme ni koili, na koili ukiikatia umeme ghafla inarudisha pigo la volti nyingi kwenye waya. Bila daiodi, umeme wa kitasa ulipokatwa, skrini ya paneli ilizima na paneli ikaanza upya. Tukafunga 1N4007 kwenye miguu ya kitasa, mstari wake ukielekea chanya. Paneli haikutikisika tena. Daiodi hiyo bei yake ni ndogo kuliko chapati.

Kama paneli ingekuwa ya kununua upya ningeomba OSDP, lugha mpya zaidi ya visoma kadi, inayosafirisha mazungumzo yaliyosimbwa kwa AES na kwenda na kurudi kwa nyaya za RS-485 hadi mita 1,200. Wiegand inatamka wazi na haijibiwi. Lakini paneli iliyopo ni nzima, fedha ni za kituo cha afya, na nyaya zote za visoma kadi zinaingia ukutani kwa upande wa ndani. Kisoma kadi cha nje kina kihisi cha kufunguliwa nyuma yake. Nimekiunganisha kwenye paneli: kikibanduliwa tu ukutani, king'ora.

Jumatatu: darini

Vumbi, na baridi ya bati asubuhi. Waya wa kitasa sasa ni wa milimita za mraba 1.5. Kwa mita zilezile 80 za kwenda na kurudi upinzani wake ni karibu omu 1, na kitasa kinapata volti 11 na nusu kikiwa kazini. Visoma kadi vimepata kebo yenye ngao, mita 40 ikiwa ndani kabisa ya mita 150 zinazoruhusiwa kwa Wiegand. Ngao imefungwa ardhini upande wa paneli tu, si pande zote mbili. Tumeziweka mbali na nyaya za volti 230, na zinapovukana zinavukana kwa msalaba. Radi za huku milimani zikianza na mvua si mchezo, kwa hiyo vizuia radi vidogo vimewekwa kwenye pawa saplai na kwenye nyaya za data, upande wa paneli.

Betri mpya ni volti 12, 7 Ah, yaani inatoa ampea 1 kwa saa 7. Paneli na visoma kadi viwili vinavuta karibu ampea 0.35. Kwa hesabu ya kwenye karatasi ni saa 20. Sumaku ingebaki, tungekuwa tunavuta 0.85, saa 8 tu, na betri ikizeeka hata hizo hazifiki. Kitasa kipya kinakula umeme pale kinapofungua, basi. Tarehe ya kufungwa nimeiandika ubavuni mwa betri kwa makapeni.

Jumanne: kufunga

Fundi seremala alikuja na patasi zake, akachimba fremu kwa ajili ya kitasa cha umeme. Ni mtu wa kupewa kipimo mara moja. Nilimwomba aache nafasi ili ulimi wa kitasa usibanwe na fremu, maana ulimi ukibanwa, kitasa cha umeme kinanguruma tu bila kuachia, na watu wanadhani kadi imeharibika. Akapitisha randa kidogo upande wa bawaba pia.

Visoma kadi viwili havikai mgongo kwa mgongo. Ukuta ni wa tofali la kuchoma, kadi haitasomeka kupitia hapo, lakini mawimbi ya viwili hivyo yanaweza kusumbuana, na kwenye kuta nyembamba za mbao mtu anaweza kugusisha kadi nje na cha ndani kikaisoma. Cha ndani nimekisogeza sentimita 60 kutoka usawa wa cha nje, kikaangukia karibu na swichi ya taa. Imekuwa heri, kwa sababu mkono unaozima taa ndio unaogusisha kadi.

Kihisi cha mlango, ile sumaku ndogo na swichi yake, kimekaa juu upande wa kitasa, si upande wa bawaba. Upande wa bawaba mlango unaweza kufunguka shubiri nzima bila kihisi kujua.

Jumatano: kuielekeza paneli

Paneli imetengenezwa kwa milango miwili, kila mmoja na kisoma kadi chake. Ukiiacha hivyo, kadi ya kutoka inawasha taa ya kijani, relei ya pili inalia "tak", na hakuna kinachotokea mlangoni wala ripoti haijui kwamba mtu ametoka kwenye chumba kilekile alichoingia. Kuna sehemu ya kuchagua "mlango mmoja, pande mbili". Hapo namba 1 ikawa kuingia, namba 2 kutoka, zote kwenye relei ya kwanza. Kitasa kinaachia kwa sekunde 5. Mlango ukikaa wazi zaidi ya sekunde 30, king'ora kidogo cha ndani kinaanza.

Kuna kanuni ya ingia-toka: aliyeingia haruhusiwi kuingia tena mpaka atoke kwa kadi, ili kadi moja isipitishwe dirishani kwa mwenzake. Inaweza kuwekwa kwa ukali, kadi inakataliwa, au kwa upole, kadi inakubaliwa na ripoti inaandika kasoro. Nimeweka upole. Hapa ni kituo cha afya. Mama anatoka damu wodi ya wazazi, muuguzi amekimbilia oksitosini, na mfumo unamkatalia kwa sababu asubuhi alitoka nyuma ya mwenzake. Sitafunga mlango wa aina hiyo.

Ijumaa asubuhi: king'ora cha baridi

Wamenipigia saa moja na nusu. King'ora cha "mlango umeachwa wazi" kinalia kila mtu akiingia, na jana mchana hakikulia kabisa. Nilipofika nikaupima mkono wa juu unaofunga mlango. Mafuta yake ni mazito kwa baridi ya alfajiri, mlango unajivuta polepole na kusimama kabla ulimi haujaingia. Kufika saa tano jua likipiga bati, unafunga vizuri. Mkono huo una skrubu mbili, moja ya mwendo mrefu na moja ya sentimita chache za mwisho. Nimefungua kidogo ile ya mwisho, nikaijaribu kesho yake alfajiri kabla jua halijatoka. Umefunga. Siku za joto utabamiza kidogo, na mfamasia amekubali kubamiza kuliko kulia.

Siku ya mzigo wa Bohari ya Dawa mlango lazima ukae wazi, toroli linaingia na kutoka. Kwa siku hiyo kadi mbili, ya mtunza stoo na ya mfamasia, zikigusishwa kwa kufuatana zinanyamazisha king'ora kwa nusu saa. Ripoti inaonesha majina yote mawili.

Jumatatu: giza

Jaribio nililokuwa nalingoja. Nilizima umeme mkuu, nikang'oa na waya wa betri. Paneli imekufa, taa za visoma kadi zimezima, stoo giza. Mtunza stoo yuko ndani, kadi yake nimeishika mimi nje. Alikuwa amebeba boksi la dripu kifuani, kwa mikono miwili, kama tulivyokubaliana. Nikasikia kiwiko kikigonga mkono wa kitasa, mlango ukafunguka, akatoka.

"Tena," akasema.

Tukarudia na mlango ukiwa umesukumwa kutoka nje, tukarudia na mfamasia, tukarudia na mhudumu wa usafi ambaye ni mfupi kuliko wote na hana kadi kabisa. Wote wametoka. Nikausukuma mlango kwa bega kutoka nje kama siku ile ya kwanza. Haukusogea.

Jumatano: orodha ya walio ndani

Faida kubwa ya kisoma kadi cha kutoka, naona, si wizi. Ni kujua nani yumo. Usiku mlinzi anafunga kufuli geti la nondo, na mlango wote nilioujenga uwe rahisi kutoka unaishia kwenye nondo. Kwa hiyo skrini ndogo imewekwa kwenye meza yake, inaonesha majina ya walio ndani.

Jioni skrini ilionesha majina mawili na stoo ilikuwa tupu. Walitoka watatu kwa kadi ya mmoja, mlango ukiwa bado haujajifunga. Hakuna aliyekusudia ubaya, watu wanashikiana mlango kwa adabu. Lakini orodha inayodanganya leo kwa majina ya ziada, kesho mlinzi hataiamini siku itakapokuwa na jina la kweli. Tulikaa na wafanyakazi wote wa stoo asubuhi. Sikuwapa vitisho. Niliwaeleza kuhusu geti na kufuli, na mtunza stoo akamalizia kwa maneno yake: "Usipogusisha, sisi tunakuhesabu bado umo. Siku ukiwa umo kweli, nani atajua?" Tangu hapo majina yanatoka.

Na mlinzi ana utaratibu wake ulioandikwa: hata skrini ikiwa tupu, anafungua, anaita, anamulika kwa tochi, ndipo kufuli.

Ijumaa: namna mbili za kutaja saa

Daftari la mlinzi linasema mfamasia alitoka saa 1:40 usiku. Ripoti inasema 19:40. Mhasibu aliona kasoro ya saa sita. Nimeongeza safu ya pili kwenye ripoti inayochapwa, saa kwa namna tunavyozitaja, ili mtu asituhumiwe kwa hesabu ya saa. Betri ndogo ya saa ya paneli nimeibadilisha, na saa yenyewe inajirekebisha kwa mtandao ukiwepo.

Pia nimekaa na uongozi kuhusu rekodi hizi. Ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu. Wamekubaliana nani anazisoma, zinakaa muda gani, na wafanyakazi wamejulishwa kwa maandishi. Ripoti haibandikwi ukutani.

Makabidhiano

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika na kurudi alfajiri. Betri imeshika, rekodi zipo zote, mlango umebaki umefungwa. Mlinzi amesema alikaa kwenye kibanda chake chenye jiko.

Yaliyobaki kwa maandishi: kupima tena nafasi ya fremu Novemba paini ikianza kuvimba, na kumwita seremala ikishuka chini ya milimita 2. Kubadilisha betri baada ya miaka 3. Kurudia jaribio la giza kila robo mwaka, na mtu tofauti ndani. Na barua yangu kwa uongozi kuhusu geti la nondo iko mezani kwa mganga mfawidhi: naomba kufuli liondolewe, liwekwe komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, lenye bamba la chuma la kuzuia mkono kupita kati ya nondo kutoka nje. Seremala anamfahamu fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, na nimeambatanisha mchoro.